Sanduku lililojaa kabla kontena halijatoka: kisa cha barua pepe za ofisi ya wakala wa forodha

Kisa hiki kimetokea Dar es Salaam. Majina ya ofisi, wateja, kampuni ya meli na kampuni ya seva nimeyaondoa, na ukubwa wa baadhi ya vitu nimeukadiria tu ili ofisi isitambulike. Wahusika nitawaita kwa kazi zao: mkurugenzi, karani wa nyaraka, mhasibu na mtu wa bandarini. Mimi ni fundi wa kompyuta, nahudumia ofisi ndogondogo. Niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeiunga kutokana na maelezo yao na kumbukumbu za seva.

## Usuli

Ofisi ina watu wanne na inatoa mizigo ya wateja bandarini. Anayeijua kazi hii anajua kwamba mzigo hautembei bila karatasi: hati ya shehena, ankara, orodha ya vifungashio, cheti cha asili, TANSAD (fomu ya tamko la forodha), risiti za malipo, na mwisho kibali cha kutolea mzigo. Karibu zote hupita kwenye barua pepe, na nyingi hupita zaidi ya mara moja kwa sababu mteja hukosea, hurekebisha, hutuma tena.

Kazi yote ilibebwa na anwani moja, ya nyaraka, iliyopewa nafasi ya GB 10 na kampuni ya seva. Ilifunguliwa kwa Outlook, programu ya barua pepe, katika kompyuta nne kwa njia ya IMAP. Maana ya IMAP ni kwamba barua zenyewe zinakaa kwenye seva, na kila kompyuta inaonyesha hali ileile ya seva. Ukisoma barua mjini, bandarini inaonekana imeshasomwa. Ukiifuta mjini, bandarini nako inafutika. Hilo la pili hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Tangu 2018 hakuna kilichofutwa. Mkurugenzi alitaka iwe hivyo, na alikuwa na sababu: sheria za kodi zinadai kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano, na wateja wana tabia ya kurudi baada ya miaka miwili wakitaka nakala. Taratibu sanduku la barua likageuka kabati la mafaili. Ukitaka karatasi za kontena fulani, unaandika namba yake kwenye kisehemu cha kutafutia, zinakuja. Utaratibu huo uliwafaa kwa karibu miaka sita, na sidhani ni haki kumlaumu mtu kwa kuutumia. Uliwafaa mpaka nafasi ikaisha.

## Mambo yalivyofuatana

Mwanzoni mwa 2024 seva ilianza kutuma maonyo kwamba nafasi inakaribia kujaa. Maonyo yalikwenda kwenye anwani iliyoandikwa wakati wa kufungua akaunti, ambayo ilikuwa hiyohiyo ya nyaraka. Yakazama kati ya ankara na notisi. Sanduku lilipojaa kabisa, hata onyo la mwisho halikuwa na pa kuingia.

Kinachotokea sanduku likijaa ni hiki. Seva ya mtumaji hubisha hodi, seva yako hujibu kwa namba. Jibu linaloanza na 4, kwa mfano 452, maana yake jaribu tena baadaye. Mtumaji huendelea kujaribu, kwa kawaida siku nne au tano, kisha huacha. Jibu linaloanza na 5, kama 552, ni kukataliwa palepale, na mtumaji hurudishiwa taarifa. Wateja waliotuma kwa mkono wao waliiona taarifa hiyo, wakapiga simu: "Barua zenu hazipokei." Karani akawaambia watumie WhatsApp. Kwake ilikuwa kero ya mtandao, kama kero nyingine za mtandao.

Lakini notisi ya kuwasili kwa meli haikutumwa na mtu. Ilitumwa na mfumo wa wakala wa meli, kutoka anwani isiyopokea majibu. Ilipokataliwa, taarifa ilirudi mahali ambapo hakuna binadamu anayesoma. Kontena la mteja likashuka, siku za bure, yaani za kukaa bila tozo, zikaanza kuhesabiwa, na ofisini hakuna aliyejua. Walikuja kujua mteja alipouliza mzigo wake uko wapi. Kufikia hapo siku za bure zilikuwa zimepita, na mtu anaanza kulipa sehemu mbili: tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini, na demereji ya kampuni ya meli kwa kukaa na kontena lao. Ofisi ilibeba gharama hiyo. Mkurugenzi aliniambia ilimeza faida ya mzigo ule, na ya mzigo mwingine.

Jioni ya siku ileile mteja alipouliza, karani, kijana mchapakazi ambaye hakutaka mkurugenzi aumie tena, aliamua kupunguza barua. Alichagua barua zote za 2018 hadi mwisho wa 2020, akazifuta. Akaangalia nafasi: haijabadilika. Hakuelewa kwa nini, ila ni jambo la kawaida, kwa kuwa barua iliyofutwa huhamia kwenye folda ya vilivyofutwa, na folda hiyo nayo iko kwenye seva na inakula nafasi ileile. Akaifungua folda hiyo, akaimwaga yote. Nafasi ikashuka kwa karibu GB 3.5, na barua mpya zikaanza kuingia. Akampigia mkurugenzi.

"Shikamoo mama. Nimeshapata nafasi. Nimetoa za zamani kwenye seva."

"Marahaba. Na nakala?"

"Kwenye kompyuta zipo mama. Outlook si inahifadhi?"

Alisema alichoamini. Miaka mingi nyuma alifanya kazi mahali palipotumia POP3, ambako kompyuta huzivuta barua na kuziweka kwake, na mara nyingi zikitoka kwenye seva zinabaki kwenye mashine. Alihamisha uzoefu wa kweli mahali ambapo haukuwa kweli. Asubuhi yake kompyuta mbili zilipowashwa, zilijilinganisha na seva na kufuta miaka mitatu kimyakimya.

Siku ya tisa mteja mmoja, akiwa kwenye ukaguzi wa kodi, aliomba karatasi za mzigo wa 2020. Karani akaandika namba ya kontena. Hakikuja kitu. Ndipo nikaitwa.

## Uokoaji

Swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa: kuna kompyuta yoyote yenye barua hizi ambayo haijawashwa tangu siku ile? Ilikuwepo moja, ya mtu wa bandarini, ambaye alikuwa likizo. Nikawaomba wasiiguse.

Kabla ya kuiwasha nilichomoa waya wa mtandao. Hilo ndilo lililookoa tulichookoa. Dakika moja ya intaneti ingetosha kuifanya ifanane na nyingine. Outlook ilifunguka bila mtandao, na barua za 2018 hadi 2020 zilikuwepo. Nikazitoa kwenda kwenye faili la PST, yaani faili la Outlook la kuhifadhia barua nje ya seva, katika diski ya nje, nikatengeneza nakala ya pili ya faili hilo, kisha nikalifungua kwenye kompyuta nyingine kabisa kuhakikisha linasomeka.

Furaha yetu ilipungua tulipofika folda ya barua zilizotumwa. Kwa kuwa intaneti ya bandarini ilikuwa dhaifu, fundi aliyenitangulia aliiweka folda hiyo ishushe vichwa vya barua tu. Tuliona nani alitumiwa nini na lini, lakini viambatisho havikuwemo. Kikasha, yaani zilizoingia, kilikuwa kamili.

Kampuni ya seva nayo tuliipigia. Walikuwa na nakala rudufu za siku 7. Sisi tulikuwa siku ya 9.

Zilizobaki tuliziokoteza: nyingine kwa wateja wenyewe, nyingine kwenye majalada ya mhasibu, aliyekuwa akichapa ankara na risiti na kuzitoboa matundu mawili miaka yote huku wenzake wakimwambia anapoteza karatasi. Karatasi za mteja wa ukaguzi zilipatikana humo.

## Tulichokipima

Hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi, nami naomba msomaji asiharakishe.

Kabla ya kuamua lolote tulipanga barua zilizobaki kwa ukubwa, si kwa tarehe. Outlook inafanya hivyo kwa kubofya safu ya ukubwa. Sanduku lilikuwa na barua kama 27,000 zenye jumla ya GB 6.5. Zenye zaidi ya MB 5 zilikuwa kama 600 tu, na peke yake zilibeba zaidi ya GB 4. Maelfu na maelfu ya "nimepokea, asante" hayakuwa na uzito wa kutajwa.

Tena hizo 600 karibu zote zilikuwa za baada ya 2022. Nikauliza kilichobadilika 2022. Mhasibu akakumbuka: walinunua skana mpya. Ilikuja imewekwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, na hakuna aliyeigusa. Ukizidisha nukta mara mbili kwa urefu, unazizidisha mara mbili kwa upana pia, kwa hiyo ukurasa wa nukta 600 una nukta mara nne ya ukurasa wa 300 na mara tisa ya ule wa 200. Seti ya kurasa sita za mzigo mmoja ilikuwa inatoka na MB 9.

Na MB 9 haibaki MB 9 ndani ya barua pepe. Mfumo wa barua pepe ulibuniwa kubeba maandishi, hivyo kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kwanza: kila baiti 3 huwa herufi 4. Faili la MB 9 linakalia MB 12. Ofisi hii, kwa kutaka kumbukumbu, ilikuwa pia inajinakilisha yenyewe katika kila barua inayotuma. Seti moja ikakaa kwenye zilizotumwa na tena kwenye kikasha: MB 24 kwa karatasi sita.

Kwa hiyo kijana alipofuta miaka mitatu ya zamani, alifuta iliyo myepesi. Alitoa GB 3.5 za barua, nyingi zikiwa bado zinatakiwa kisheria, na kuacha kiwango cha kujaa vilevile. Kwa mwendo ule wangejaa tena ndani ya mwaka na miezi michache.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuongeza nafasi, na wenzangu wa fani wanaweza kushangaa. Kifurushi chao cha seva kiliruhusu kufikia GB 15 bila malipo ya ziada. Hiyo si tiba. Niliitaka kwa sababu mtu mwenye sanduku lililojaa hufuta kwa hofu, na hofu ndiyo iliyotufikisha pale. Nilitaka wiki tatu za utulivu.

Wa pili: hakuna kufuta barua yoyote mpaka nakala yake iwe imefunguliwa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Si kunakiliwa tu. Kufunguliwa.

Wa tatu ulihusu skana, na ulichukua dakika kumi. Nyaraka za kawaida sasa zinaskaniwa nukta 200, nyeusi na nyeupe. Zenye mihuri ya rangi, kama cheti cha asili, zinabaki na rangi kwa nukta 200. Tulichapa mfano wa kila aina na kumpa mtu wa bandarini aliyerudi likizo, kwa kuwa yeye ndiye anayejua karatasi ipi itarudishwa dirishani kwa kutosomeka. Alikataa mmoja, wenye maandishi madogo ya masharti, tukaupandisha hadi 300. Seti ya MB 9 ikawa chini ya MB 1.

Uamuzi wa nne ulikuwa mgumu kwa watu kuliko kwa mashine: karatasi zisiishi kwenye barua pepe. Kila mzigo una folda yake kwenye kompyuta ya ofisi, jina lake likianza na mwaka, kisha namba ya hati ya shehena, kisha mteja. Kiambatisho kikiingia, karani anakihifadhi humo siku hiyohiyo. Baada ya hapo barua yenye kiambatisho kizito inaweza kuondoka bila mtu kukosa usingizi. Karani alipinga, kwa hoja nzuri: kutafuta kwenye Outlook ni haraka kuliko kufungua folda. Tulikubaliana namba ya kontena iandikwe pia kwenye jina la kila faili, ili utafutaji wa kompyuta nao uipate.

Barua zenyewe, za mwaka uliokwisha, tunazihamishia kwenye faili la PST, faili moja kwa kila mwaka. Outlook kuanzia toleo la 2010 inaruhusu PST hadi GB 50, lakini faili kubwa likiharibika unapoteza mengi. Faili linakaa kwenye diski ya kompyuta yenyewe, si kwenye folda ya mtandao wa ofisi, kwa kuwa PST inayofunguliwa kupitia mtandao huharibika kirahisi. Linanakiliwa Outlook ikiwa imefungwa, kwenda diski mbili za nje. Moja inalala ofisini, nyingine mkurugenzi anaondoka nayo Ijumaa. Ukishahamisha, barua hizo hazipo tena kwenye seva, na kompyuta ikiibwa zimekwenda. Diski mbili ni sehemu ya uamuzi wenyewe.

Mtu mmoja alipendekeza turudi POP3 ili seva ijimwage yenyewe. Nilikataa. Kwa watu wanne wanaotumia anwani moja, kompyuta inayovuta kwanza inaweza kuondoka na barua, na wengine wasiione kabisa.

Kujinakilisha kuliondolewa. Nembo iliyokuwa ikibebwa kama picha chini ya kila barua ikawa maandishi.

Maonyo ya seva yakaelekezwa kwenye Gmail binafsi ya mkurugenzi, nje ya domeni ya ofisi. Hapo tukakuta kitu kingine: Gmail hiyo nayo ilikuwa imebakiza nafasi kidogo. GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na tangu Juni 2021 picha za simu zinazopakiwa zinahesabiwa humo. Zikiisha, barua hazipokelewi. Tungehamisha kengele kutoka chumba kimoja kilichojaa kwenda kingine. Tuliandika larger:10M kwenye kisehemu cha kutafutia, zikaja barua zote za zaidi ya MB 10. Tukahifadhi alizotaka, tukafuta nyingine, tukamwaga Tupio, ambalo lisipomwagwa hushikilia barua kwa siku 30. Picha za wajukuu tulizihamishia kwenye diski ya nje, mwenyewe akiwa amekaa pembeni akizitazama moja moja. Ilituchukua mchana mzima na sikuona haja ya kumharakisha.

## Matokeo

Baada ya wiki tatu anwani ya nyaraka ilishuka kutoka GB 6.5 hadi karibu GB 2. Hakuna notisi iliyokataliwa tangu hapo. Mkurugenzi pia aliongeza jambo ambalo sikulifikiria: karani anafuatilia ratiba ya meli kwa kuangalia mwenyewe kila asubuhi, asisubiri notisi imfuate.

Lakini ukaguzi wa kila mwezi wa nafasi, tuliomkabidhi karani, ulirukwa miezi miwili mfululizo wakati wa mizigo mingi ya mwisho wa mwaka. Ujumbe wa seva kuhusu nafasi ndio uliotukumbusha, safari hii ukiwa umefika kwenye simu ya mkurugenzi.

Karatasi za baadhi ya mizigo ya 2019 na 2020 zilizotumwa na ofisi hazijapatikana mpaka leo. Mhasibu ana orodha yake, na kila mteja aliyemo ameshaandikiwa.

## Uchambuzi

Kilichotusaidia zaidi kilikuwa kupima kabla ya kukata. Saa moja ya kupanga barua kwa ukubwa ilibadilisha tatizo kutoka "barua ni nyingi" kuwa "skana imewekwa vibaya". Bila hiyo, ofisi ingenunua nafasi kila mwaka au ingefuta kila mwaka, na vyote viwili vingeonekana kama usimamizi.

Kilichoshindwa hakikuwa kijana. Alipewa ufunguo wa kumbukumbu zote za ofisi bila kuelezwa kwamba mlango wake ni mmoja kwa kompyuta zote nne. Mkurugenzi aliuliza swali sahihi kabisa, "Na nakala?", lakini jibu lilipokelewa kwa maneno. Kama angesema "nionyeshe", kijana angejaribu kufungua barua ya 2019 kwenye kompyuta nyingine, na kampuni ya seva ingekuwa bado na nakala zake za siku 7.

Pia tulikosea kuuita ukaguzi wa kila mwezi "kazi ya karani". Kazi inayofanywa na mtu mwenye shughuli kuliko wote haifanyiki wakati ambapo inahitajika kuliko wote. Sasa ni ya mhasibu, siku ileile anayofunga hesabu za mwezi, na anaandika ukubwa wa sanduku kwenye daftari lake pembeni ya salio la benki.

Kosa langu mimi ni la PST ya bandarini. Niliijaribu kwa kufungua barua za kikasha, zikasomeka, nikawapigia kuwaambia tumepata vyote. Folda ya zilizotumwa niliifungua kesho yake. Kwa siku moja mkurugenzi alimwambia mteja wake kwamba karatasi zote zipo, na ikabidi ampigie tena.